Nani Ako na Sehemu ya Pili?

Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima, Jumapili ya akina mama, maikrofoni mkononi, watu kama mia tatu hivi wananitazama mdomo.

Nikavuta zipu ya Biblia ili nisome Neno.

Ndani hakukuwa na Biblia.

Kulikuwa na mwanamke wa gauni jekundu, mabega nje, ameshikwa kiuno na jamaa ambaye shati alilisahau nyumbani. Nyuma yao kulikuwa na lori.

Sasa ngojeni kwanza. Najua mmeshaanza kunihukumu, na wengine mmeshaanza kutafuta mwisho wa hii stori. Tulieni niwaanzishie pale ilipoanzia, kwa sababu aibu yote hii ililetwa na kitu kidogo sana: safari ya kwenda kazini.

Mimi naitwa Nzisa. Kwetu ni Kilungu, naishi Kitui mjini, na kazi nafanya Malili. Kama unazijua hizo barabara, asante kwa kunihurumia.

Kampuni yetu ya mbegu ilikuwa hapa Kitui. Mwaka jana wakubwa wakaamua kuhamisha maabara na stoo hadi Malili, kando ya barabara ya Mombasa. Tukaahidiwa nyumba za wafanyakazi. Wakati tunazingoja hizo nyumba, tukapewa vani. Inatoka Kitui saa kumi na moja na nusu asubuhi, inapitia Machakos, na saa mbili kasoro tunashuka Malili. Jioni inaturudisha vilevile.

Karibu masaa matano kila siku, nimekaa tu. Nilianza kupiga hesabu ya mwaka mzima nikaacha katikati, moyo ulikuwa unauma.

Mtu wa akili angehamia kwao Kilungu, maana ni karibu na Malili kuliko Kitui. Watu wakiniuliza nilikuwa nasema chumba changu nimekizoea. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimezoea Kilonzo.

Kilonzo ni fundi wa sola, mrefu, mpole, akicheka mabega ndiyo yanatangulia. Tulikuwa tumefika pale ambapo kijana anaanza kusimama sokoni kuangalia mbuzi kwa makini. Wakamba wenzangu mnanielewa. Ntheo. Mbuzi watatu wakishapelekwa kwenu na wazee wakakaa chini, wewe umeshatengwa, hakuna mwingine wa kukuulizia.

Kulikuwa na kizuizi kimoja tu. Mama yake.

Na mama yake alikuwa anakaa kiti cha nyuma yangu, ndani ya hiyo vani, kila siku ya Mungu.

Mama Kilonzo ndiye anasimamia stoo pale kazini, na kanisani ni kiongozi wa akina mama mwaka wa kumi na moja huu. Msichana wa kwanza wa Kilonzo alimkataa kwa sababu ya kutafuna chingamu kwenye maombi. Wa pili alisinzia kwenye mkesha, basi, akaenda na maji. Kilonzo aliniambia bila kunificha. Baba yake alifariki yeye Kilonzo akiwa shule ya msingi, mama akamlea peke yake, na mama akisema hapana yeye hana nguvu ya kusema ndiyo.

Kwa hivyo nilikuwa nafanyiwa intavyu asubuhi na jioni, bila kuambiwa ni intavyu.

Rudi kwa safari. Kwenye ile vani kila mtu analala kabla hatujamaliza mji. Mimi siwezi kulala ndani ya gari linalotembea, tangu utotoni. Simu nayo, bando linaisha, na ukipita milima fulani netiwaki inakuacha kama hamjuani. Redio ya vani ilikufa zamani na Kyule, dereva wetu, hataki itengenezwe kwa sababu inamsumbua akiimba.

Wiki za kwanza nilihesabu punda. Nikasoma mabango yote hadi nikayajua kwa kichwa. Siku moja nilijikuta nasoma stika ya bima kwenye kioo, masharti yote, hadi ile saini ya mwisho. Hapo nikajua nahitaji msaada.

Msaada ulikuwa Shufaa.

Shufaa ana kibanda cha vitabu vya mtumba nyuma ya soko la Kitui. Wazee wake walitoka Pwani lakini yeye amezaliwa hapahapa. Mbele ya kibanda amepanga vitabu vya shule, vya hesabu na sayansi, heshima tupu. Vile vitamu viko chini, ndani ya katoni, amevifunika na leso.

Anakupima kama daktari. Aliniuliza safari yangu ni ya muda gani, gari linatikisika kiasi gani, na je, nikiwa peke yangu napenda kulia ama kucheka. Nikamwambia vyote viwili, bora nisijue tumefika wapi.

"Basi bibie, wewe usichukue kitabu kinachotembea," akasema. "Chukua kinachokimbia. Fungua katikati, usome ukurasa mmoja. Ukitaka kujua huyo ni nani na amefanyaje, lipa uende. Usipotaka, kirudishe, hatutagombana."

Aki huyo mama anastahili digrii. Hiyo mbinu ya katikati sijawahi kuiacha hadi leo.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mwizi wa ng'ombe aliyeajiriwa polisi bila kujulikana. Nilikianza Jumatatu asubuhi, nikashtuka Kyule anatuambia tushuke. Nikafikiri gari limeharibika. Kumbe ni Malili. Masaa mawili na zaidi yameenda na sikuona hata punda mmoja.

Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kazini nilikuwa napima mbegu kama zimeota huku naangalia saa, nataka jioni ifike nirudi kwenye gari. Fikiria mtu anayengoja foleni ya Machakos kwa hamu.

Shida ilikuja na picha.

Kitabu cha tatu kilikuwa kinaitwa Mjane wa Mtito, na picha yake ya mbele nimeshawaelezea pale juu. Gauni, kiuno, lori. Ningekifunguaje hicho, na Mama Kilonzo anahema nyuma ya kisogo changu?

Lakini nilikuwa na kava. Nilipotoka Kilungu kuja kuanza kazi, mama yangu alinipa Biblia na kava yake nyeusi ya zipu, yenye msalaba wa dhahabu, zile zinauzwa kwenye kongamano la akina mama, kila mama wa kanisa anayo. Alinishika mkono akaniambia hii itakusaidia sana safarini. Biblia ilikuwa kwenye rafu ya chumba changu. Nikachukua kava, nikamwingiza mjane ndani, akaenea vizuri kabisa. Nikavuta zipu.

Jamani. Heshima niliyopata.

Siku ya kwanza tu, Kyule aliniona kwenye kioo, akawasha taa ya ndani iliyo juu ya kiti changu. Mtu mmoja akalalamika mwangaza unamwamsha. Kyule akamwambia afunike uso, amwache dada asome Neno. Kuanzia hapo taa ikawa yangu.

Mama Kilonzo naye hakuwa amelala. Alikuwa na kava yake, nyeusi kama yangu, na yeye pia alikuwa anasoma, amejikunja pale nyuma na katochi kadogo. Mara moja moja nilimsikia akijipiga paja na kusema, "Woi, huyu mtu." Nikafikiri amekasirishwa na mfalme fulani wa zamani. Nilimheshimu sana.

Sasa huyo mjane wangu alikuwa na vituko. Anaitwa Semeni, anaendesha lori la marehemu mumewe, wanaume wanampanga foleni na yeye anawapanga wao vizuri zaidi. Kuna sehemu amewaalika wachumba wawili chakula cha mchana siku moja, saa hiyo hiyo, meza moja. Nilicheka nikashindwa kujizuia, nikacheka hadi nikakohoa, na ilikuwa bado asubuhi sana, watu wamelala.

Mama Kilonzo akainama mbele akaniuliza kwa upole ni sehemu gani hiyo imenibariki hivyo.

Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja kichwani.

"Ni ile orodha ya koo za wana wa Israeli, mama."

Akasema amina, akarudi nyuma.

Wiki hiyo hiyo nikafika pale Semeni anamzika mumewe, maana hadithi inarudi nyuma kukueleza, na mimi machozi yakanitoka bila aibu. Mkono ukatokea kando ya kiti changu na leso nyeupe, imepigwa pasi. "Lia tu, mwana wakwa," akaniambia.

Jumamosi Kilonzo alikuja na soda mbili na uso unang'aa. Mama amesema hajawahi kuona msichana anayesoma vile. Ameuliza kwetu Kilungu ni upande gani, na barabara ikoje wakati wa mvua. Kilonzo alikuwa ameshaongea na mtu wa mbuzi.

Nilifurahi na nikajichukia, kwa pamoja. Nilijiambia nitamwambia ukweli Jumatatu. Jumatatu ilipofika nilikuwa nimebakisha kurasa arobaini, sikuweza.

Na ule mwisho ndio uliniua. Semeni amerudi kutoka Voi, amechoka, anafungua mlango wa nyumba yake, na mezani amekaa mumewe. Yule yule aliyemzika. Anakunywa chai.

Nikafungua ukurasa unaofuata. Kuna tangazo la sabuni. Chini yake wameandika, mwisho wa sehemu ya kwanza.

Nilipiga kelele kidogo. Kyule akakanyaga breki akifikiri nimeona mbuzi barabarani.

Jioni hiyo nilishuka vani nikaenda kwa Shufaa karibu nikikimbia, nikamkuta anafunga. Nikamwomba sehemu ya pili. Akanitazama kwa huruma. Alikuwa nayo, lakini aliiuza siku nyingi zilizopita, kwa mteja wake wa zamani ambaye aliichukua bila kujua ni ya pili, kabla hata ya kwanza haijafika kibandani.

Nikamuuliza ni nani. Nitamfuata, nitaiazima, nitampa chochote.

"Wallahi sikwambii. Ni mama wa watu, mcha Mungu, alinisihi jina lake lisitajwe. Hata wewe sijamwambia mtu unasoma nini."

Hapo nikaenda zangu. Lakini kila jioni nikawa napita kumuuliza. Nilikuwa nawatazama akina mama wote wa Kitui kama washukiwa. Ni nani kati yenu anajua kama ile chai iliisha?

Halafu Ijumaa, tukiwa tunashuka vani, Mama Kilonzo akanishika kiwiko. Jumapili ni ya akina mama. Amenichagua mimi nisome Neno, mbele ya watu wote, na tukitoka hapo yeye na Kilonzo wana jambo la kuongea na mimi.

"Na uje na hiyo Biblia yako," akasema, "ile unasoma kwa gari."

Nikasema amina.

Jumamosi nilifanya toba. Nilimtoa Semeni kwenye kava, nikampanguza, nikamweka chini ya godoro. Nikachukua Biblia yangu kwenye rafu, nikaitoa vumbi, nikaiingiza mahali pake. Nikaweka karatasi kwenye zaburi ile kila mtoto wa sande skuli anafundishwa, nikaisoma mara ishirini hadi ikakaa kichwani. Nikaapa sitarudia kudanganya watu na kava ya zipu. Ila kama sehemu ya pili ingepatikana, hiyo ingebidi ijadiliwe.

Jumapili nilivaa nguo ndefu kuliko zote. Mama Kilonzo alikuwa amenishikia nafasi benchi la mbele. Kilonzo alikuwa upande wa wanaume na tai ya marehemu baba yake, ananitolea macho ya furaha. Nikakaa. Nikaweka kava yangu benchini, katikati yetu.

Yakaanza matangazo.

Wewe huyajui matangazo ya kanisa letu. Viti vilivyoazimwa vimerudi vinane, vilienda kumi. Kwaya ya vijana wafike na wakati. Mwenye mbuzi mweusi anayekula maua ya kanisa amejulikana, anapewa nafasi ajitokeze mwenyewe. Wakati haya yote yanaendelea, Mama Kilonzo alikuwa ameinama, kava yake wazi kidogo, anasoma. Nikasema moyoni, hata matangazo hayamtoi kwenye Neno, huyu mama si mchezo.

Ghafla jina langu likaitwa. Yeye akashtuka, akafunga zipu haraka, akaiweka benchini. Mimi nikasimama, nikachukua kava, nikapanda mbele.

Nikavuta zipu.

Sasa mko pale nilipokuwa.

Gauni jekundu. Kiuno. Lori. Sekunde ya kwanza nilifikiri Semeni ametoka chini ya godoro akanifuata. Halafu nikaona lile gauni ni tofauti, hili lina mkanda. Na pale juu, kwa herufi nyeupe ndogo, pameandikwa Sehemu ya Pili.

Nitawaambia ukweli, na Mungu anisamehe. Aibu haikufika kwanza. Furaha ndiyo ilifika kwanza.

Nikainua macho. Pale benchini Mama Kilonzo alikuwa ameishika kava yangu, zipu iko wazi, Biblia yangu imemkodolea macho. Alinitazama. Sijawahi kuona mtu mzima ameogopa vile. Mama wa miaka kumi na moja ya uongozi, aliyekataa msichana wa watu kwa sababu ya chingamu, sasa alikuwa amekaa kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

Ningesema tu hii si yangu. Maneno matatu. Kila mtu alikuwa ameona kava mbili zimekaa benchi moja, na ndani ya hii niliyoshika Mama Kilonzo alikuwa ameandika jina lake kwa wino wa dhahabu.

Nikainua kitabu karibu na uso ili yule jamaa asiye na shati anione mimi peke yangu. Nikatangaza zaburi. Nikaanza kuisema kwa kichwa, polepole, nikafunua picha, macho yanatembea kwenye ukurasa wa kwanza kama nasoma.

Tatizo ni kwamba macho yalikuwa yanasoma kweli.

Mdomo ulikuwa kwenye zaburi na macho yalikuwa kwa Semeni, amesimama mlangoni, hajamsalimia mumewe. Nilifika mahali nikakaribia kuwaambia waumini kwamba chai ilikuwa haijapoa. Nikaimeza hiyo sentensi, nikakohoa, nikaendelea. Nilipomaliza mzee mmoja nyuma alisema amina kubwa, akaongeza kwamba hajawahi kusikia ikisomwa kwa hisia namna hiyo.

Mimi nilikuwa nimefika ukurasa wa pili.

Ibada ilipoisha, Mama Kilonzo alinivuta mkono hadi nyuma ya tangi la maji, mbali na jikoni walikokuwa wanapakua muthokoi. Alisimama. Akatengeneza kitambaa cha kichwa mara tatu.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, mama."

"Utamwambia Kilonzo?"

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mambo yamegeuka. Miezi yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa napimwa. Sasa yeye ndiye alikuwa anasubiri majibu, na mbuzi wangu wote watatu walikuwa kwenye jibu langu. Ningenyamaza ningekuwa na siri yake mfukoni maisha yangu yote, na yangu ingebaki chini ya godoro. Mkwe gani anaanza ndoa na kitu kizuri hivyo?

Lakini alikuwa amenipa leso yenye pasi. Sikuweza.

"Mama," nikasema, "mimi niko na sehemu ya kwanza."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanisogelea.

"Kwa nini walimzika?"

"Wewe niambie kwanza kama alimaliza chai."

Tulicheka hadi akashika tangi asianguke. Akaniambia alijua mapema kuna kitu, kwa sababu tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyechekeshwa na koo za Israeli. Kumbe kuniita mbele ilikuwa mtego. Alitaka aone nikifungua hiyo zipu mbele ya watu. Akajitegea mwenyewe na yake, kwa sababu ya matangazo marefu.

Nikamwambia nilificha kwa kumwogopa yeye. Akaacha kucheka.

"Na mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Ukilia vile asubuhi nilisema, huyu msichana amejaa Neno kweli, akijua nasoma nini atamwambia mwanangu mama yake amepotea. Halafu nikikumbuka ile siku ya koo, napata matumaini kidogo."

Akafungua kava yake, akalainisha ukurasa wa kwanza kwa kidole. Ulikuwa umechakaa kuliko kurasa zingine zote.

"Baba Kilonzo ametuacha miaka kumi na minane sasa. Nilikuwa nimeshika hiki pale kwa Shufaa, nikafungua tu katikati kama anavyosema, halafu nikarudi mwanzo. Mwanamke anafungua mlango, mume amerudi, anakunywa chai. Nimesoma hapo, mwana wakwa, siwezi kukuambia mara ngapi. Sikuwa najua alizikwa vipi. Nilikuwa naogopa hata kuuliza kama kuna ya kwanza."

Nilimkumbatia. Sikuwahi kumgusa hata mkono zaidi ya salamu, na hapo nilimshika nikalia kwenye bega lake, kilio halisi, bila kitabu. Kilonzo akatokea upande wa jikoni na sahani tatu za muthokoi, akatukuta hivyo, akaogopa, akauliza nani amekufa.

"Hakuna," mama yake akamjibu. "Kuna mtu amefufuka. Enda ukamalizane na mtu wa mbuzi."

Jumatatu nilihamia kiti cha nyuma. Tukawa tunasoma pamoja, kwanza kwa kunong'ona. Siku ya tatu Kyule akasema yeye anaendesha gari, hawezi kusoma, na kunong'ona kunamwonea. Basi tukasoma kwa sauti. Watu wakaacha kulala. Yule wa kulalamika kuhusu taa akawa ndiye anashika tochi.

Alhamisi tulikuwa kwenye sura ambayo mume anaulizwa alikuwa wapi miaka yote. Kyule akapitiliza Malili. Hakuna aliyemwambia. Tulijikuta Salama, karibu saa tatu, kazi imeshaanza, na Kyule anasema alikuwa anatafuta mahali pazuri pa kugeuza. Alitafuta hadi sura ikaisha.

Sehemu ya pili inaishia Semeni akiwasha lori na kuondoka, mume amesimama mlangoni, na hujui kama atarudi. Mwandishi akatuacha hapo. Tulibishana kutoka Machakos hadi Kitui, nusu ya vani inasema anarudi, nusu inasema hata mimi nisingerudi.

Mwezi wa nane ntheo ikaletwa kwetu Kilungu. Mbuzi walikuwa watatu, wanene, mmoja mkorofi. Wazee walipouliza kama kuna kingine, Mama Kilonzo akasema kuna kingine, akatoa katoni iliyofunikwa na leso. Vitabu. Alimwambia baba yangu kwamba msichana huyu ana safari ndefu, na haendi kuolewa mahali atakufa na upweke njiani. Wazee wakatazamana. Baba akasema haijawahi kuonekana, lakini haijakatazwa.

Mimi nilikuwa najifuta machozi jikoni wakati mama yangu alipoingia na Mama Kilonzo, akafunga mlango. Mama yangu huyu, wa Kilungu, ambaye jioni zote za utoto wangu alikuwa anakaa kando ya sufuria ya maharagwe na kava yake nyeusi magotini, asisemeshwe na mtu.

"Nimeangalia hiyo katoni," akasema kwa sauti ya chini. "Ile ya mjane, mko nayo ya kwanza na ya pili?"

Mimi na Mama Kilonzo tukatazamana.

Mama akavuta zipu yake. Gauni lilikuwa la kijani sasa, na lori lilikuwa jipya.

"Kwa sababu mimi," akasema, "niko na ya tatu."

Basi funzo langu ni hili, na limenigharimu hofu ya miezi mitatu. Ukipata safari ndefu, tafuta kitabu kinachokimbia, kifungue katikati kwanza. Na ukikaa karibu na mtu mwenye kava kama yako, anakutisha kwa utakatifu wake, usimwogope na usimfiche. Msogelee polepole, umuulize ako na sehemu ya ngapi.